Nani Amwulize? Tulivyotengeneza Mwongozo wa Kuzuia Kujiua Kibosho

Karatasi ya kwanza tuliyopewa kuhusu kuzuia kujiua ilikuwa na ushauri mzuri ambao hapa kwetu ulikosa pa kukanyaga. Ilisema kwamba mtu aliyelemewa na mawazo azungumze na ndugu anayemwamini, na kwamba ndugu huyo amsikilize bila kumhukumu. Mimi ni muuguzi mstaafu, niliyeolewa Kibosho, kwenye miteremko ya Moshi Vijijini, na tangu nistaafu nimekuwa katibu wa kamati ndogo ya wanakijiji inayoshughulikia jambo hili, kwa hiyo ndiye niliyeisoma karatasi hiyo mbele ya watu. Nilipofika kwenye neno "ndugu", mzee mmoja aliyekaa nyuma aliuliza swali ambalo limeongoza kazi yetu yote tangu hapo: ndugu yupi? Watu waliguna kwa kukubali, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa ndio wanaogombea mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kwamba baba anaweza kuwa mtu wa mwisho ambaye kijana angetaka ajue siri yake, na kwamba mke, hata akiona kila kitu, mila haimpi nafasi ya kumhoji mumewe habari ya namna hiyo huku wakwe wakisikia.

Tulikaa na swali hilo muda mrefu kuliko tulivyokaa na jambo lingine lolote, na ninaamini ndilo linalofaa kuulizwa kwanza na kijiji chochote kinachotaka kufanya kazi hii. Dalili za hatari zimeandikwa vizuri na wataalamu, nasi hatukuwa na cha kuongeza sana. Kilichokosekana ni kujua nani, katika ukoo na ujirani wetu, ana ruhusa ya kumwuliza mtu fulani swali zito bila swali hilo kugeuka tusi. Tulipowauliza wazee na akina mama, majibu yalikuja haraka, kwani ruhusa hiyo ipo siku zote, ila hakuna aliyekuwa amefikiria kuitumia kwa jambo hili. Mwanamume aliyeoa anaweza kuulizwa na mjomba wake au na msimamizi wake wa ndoa, ambaye huitwa kila ndoa inapoyumba na tayari amezoea kusikia yasiyosemwa. Mwanamke aliyeolewa humsikiliza shangazi wa upande wa kwao, au mwenzake wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopeshana, ambaye wanadhaminiana mikopo na kwa hiyo wanajuana mifuko. Kijana hujibu kwa babu au bibi kuliko kwa wazazi, kwa kuwa baina ya mjukuu na babu kuna utani, na utani unaruhusu maneno ambayo baba hawezi kuyatamka. Mzee mwenyewe huulizwa na mzee wa rika lake, mara nyingi wakiwa na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi, ingawa nitarudi kwenye suala la pombe.

Kwa hiyo mwongozo wetu haukuanza na orodha ya dalili. Ulianza kwa kumtaka kila mjumbe wa jumuiya ndogo ndogo za Kanisa, na kila balozi, ajiulize kuhusu nyumba anazozijua: hapa pakitokea shida, nani atamwuliza nani? Mwalimu mstaafu aliyetusaidia kuandika alisisitiza kwamba majina hayo yasiandikwe popote, na alikuwa sahihi, maana orodha ya namna hiyo ikionekana kwenye daftari la mwenyekiti wa kitongoji ingegeuka umbea kabla ya jua kuzama.

Jambo la pili lilikuwa namna ya kuuliza. Karatasi ilichora watu wawili wakikaa kwenye viti wakitazamana, na mama mmoja akacheka akasema kwamba mumewe akikalishwa hivyo atadhani anasomewa talaka. Wanaume wa huku huzungumza wakiwa kazini, wakiwa bega kwa bega, wakikata majani ya ng'ombe au wakipunguza matawi ya kahawa, macho yakiwa kwenye kazi na mikono ikiwa na shughuli. Tukakubaliana kwamba swali liulizwe hapo, mkiwa wawili tu, na kwamba lisiulizwe kamwe kwenye kundi la ukoo la WhatsApp wala mbele ya kikao. Lakini likiulizwa, liulizwe kwa maneno kamili: "Je, umefikia mahali pa kufikiria kujiua?"

Hapo ndipo upinzani ulipokuwa mkali. Katekista mmoja alisema kwamba kulitaja jambo hilo ni kulialika, na akina mama wengi walimwunga mkono. Sikuwalaumu, kwa sababu hata wauguzi wengi tuliofanya nao kazi wodini waliamini hivyo. Niliwaeleza ambacho tafiti zimeonyesha mara nyingi, kwamba kumwuliza mtu waziwazi hakumwingizii wazo ambalo hakuwa nalo, na kwamba aliyekuwa nalo kwa kawaida hupata nafuu kwa kuwa amepata mtu wa kulitua. Kilichowashawishi zaidi, hata hivyo, kilikuwa mazoezi. Tuliwaweka wawili wawili, mmoja akijifanya mjomba na mwingine mpwa, na watu wazima waliozika wazazi wao bila kutetemeka wakashindwa kutamka sentensi moja. Walipoirudia mara kadhaa ikawa sentensi kama nyingine.

Kuhusu dalili, tulichofanya ni kuzitafsiri katika maisha ya huku. Vitabu husema mtu hugawa vitu vyake. Kwetu mzee huanza kueleza nani atachukua ng'ombe na nani mbuzi, bila kuumwa, au huonyesha ghafla sehemu ya kihamba ambapo angependa kulazwa. Mzee kuonyesha kaburi lake si ajabu Uchagani, na tulibishana sana juu ya hili. Tulichokubaliana ni kwamba ajabu ni pale linapofanywa na mtu wa miaka 40, au linapoambatana na kuacha kula, kuacha kulala na kuacha kusalimia. Vitabu husema mtu huzungumzia kutokuwa na tumaini. Kwetu husema "nimechoka", "mtabaki mkipumzika", "bora nipotee", na kwa kuwa kila mtu husema amechoka, msikilizaji lazima apime nani anasema na kwa sauti gani. Tuliwakumbusha pia jambo ambalo familia nyingi hulipokea kwa furaha isiyofaa: mtu aliyekuwa na huzuni nzito kwa wiki nyingi, kisha akatulia ghafla, akalipa vijideni vyake na kuwatembelea watu kuwaaga kwa upole, hajapona kwa sababu tu ametulia. Na aliyewahi kujaribu kujiua yuko kwenye hatari kubwa zaidi kuliko wengine, kwa hiyo kauli ya "alikuwa anatutishia tu" tuliomba ifutwe kabisa vinywani mwetu.

Akijibu ndiyo, basi muulizaji haondoki. Hilo tuliliandika kwa herufi kubwa. Hatoi mahubiri, hamkumbushi watoto wake kwa namna ya kumlaumu, wala haapi kwamba hatamwambia mtu. Anaweza kumwahidi kwamba atamwambia mtu mmoja tu anayehitajika na kwamba watakwenda kwake pamoja. Padre wetu alitusaidia hapa kwa namna ambayo sikuitegemea. Alisema wazi kwamba lolote atakaloambiwa kwenye kitubio hawezi kulitoa kwa yeyote, hata kwa ishara, kwa hiyo jumuiya isikae ikitegemea kwamba padre anajua na atachukua hatua. Yeye humsihi anayeungama waendelee kuzungumza nje ya kitubio, lakini hawezi kumlazimisha. Tangu siku ile waumini wengi waliacha kudhani kwamba mtu akishaonana na padre shauri limekwisha.

Kisha kuna suala la dawa za shambani. Kibosho ni nchi ya kahawa na mboga, na karibu kila stoo ina chupa au pakiti ya sumu ya wadudu. Msukumo wa kujiua, hata kwa mtu aliyeufikiria kwa muda, mara nyingi huja kwa kasi na kupungua, na akikosa cha hatari karibu katika saa hizo, uwezekano wa yeye kuwa hai kesho yake huongezeka sana. Sri Lanka ilipopiga marufuku hatua kwa hatua viuatilifu vyenye sumu kali zaidi kuanzia miaka ya 1980 na 1990, kiwango cha watu kujiua nchini humo kilishuka kwa takriban asilimia 70 katika miongo miwili iliyofuata, na kilimo hakikuanguka. Sisi hatuna mamlaka ya kupiga marufuku, ila tunaweza kuhamisha. Nyumba yenye mtu aliyelemewa hupeleka dawa zote za shamba kwa jirani au kwenye stoo ya chama cha ushirika, pamoja na dawa za hospitali zilizobaki kwenye makopo, na mtu mwingine ndiye anayekwenda kuzichukua siku ya kupiga dawa. Hakuna anayehitaji kutangaza sababu. Kwa sababu kila mtu ana jirani anayemwazima panga na pampu, kuhifadhiana dawa hakukuonekana kigeni, na hii ndiyo sehemu ya mwongozo iliyotekelezwa upesi kuliko zote.

Kwenda hospitali kulikuwa kugumu zaidi. Kwa wazee wengi hospitali ya magonjwa ya akili maana yake ni Mirembe, Dodoma, na anayepelekwa huko huhesabiwa kuwa amekwisha. Tulieleza kwamba safari huanzia zahanati au kituo cha afya, na kwamba hapa Moshi kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, Mawenzi, na ile ya KCMC, ambako mtu huonwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo isipokuwa hali ikiwa mbaya. Muulizaji ndiye anayemsindikiza, na nauli hutoka kwenye mfuko wa jamii wa kikundi chake. Kuna neno ambalo kama muuguzi nililisema hadi wakanichoka: dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, huchukua wiki kadhaa kabla ya mtu kuona nafuu, wakati maudhi yake madogo, kama kinywa kukauka au usingizi, huja mwanzoni. Familia isiyojua hivyo huziacha katika wiki ya pili na kusema hospitali imeshindwa. Kuhusu maombi na waganga hatukugombana na mtu. Tulisema tu kwamba maombi ni jioni na kliniki ni asubuhi, na kwamba mtumishi yeyote anayemwamuru mgonjwa kutupa vidonge ameingia kazi isiyo yake.

Pombe nilisema nitairudia. Mbege ni ya heshima na haitoki kwenye vikao vyetu, lakini mtu mwenye mawazo ya kufa akinywa hupoteza breki alizobakiza, na pombe kali zinazouzwa kwa bei ya chini ni hatari mara nyingi zaidi kuliko mbege ya msiba. Kwa hiyo mwenzake wa rika anaweza kuanzia mazungumzo kwenye kata moja, ila asimwache arudi peke yake akiwa amelewa.

Sheria nayo ilitukwamisha. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na familia hujua hivyo hata kama hazijakisoma. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyenusurika hufichwa, huambiwa aseme alikunywa kwa bahati mbaya, na hachunguzwi kilichompeleka huko. Ghana ilifuta kosa la namna hii mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu chao kinapingana na Katiba. Mimi si mwanasheria, lakini nimekaa wodini nikaona mtu akiogopa askari kuliko alivyoogopa kufa, na sioni ni nani aliyewahi kuokolewa na woga huo. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, ambaye ni mtu wa serikali na anaijali kazi yake, alituambia kwamba kwake la kwanza ni gari la kumpeleka hospitali, na kauli hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko semina yoyote.

Lipo pia jambo la mazishi. Wazee wanakumbuka nyakati ambapo aliyejiua alizikwa bila ibada, mbali na wazazi wake, na kumbukumbu hiyo huwafanya watu wafunge midomo. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi ya kikanisa waliojiua kwa makusudi, lakini ile ya mwaka 1983 haiwataji tena, na Katekisimu inasema kwamba ugonjwa wa nafsi, hofu kuu au mateso vinaweza kupunguza wajibu wa mtu huyo, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Padre alisoma aya hizo kanisani siku ya Dominika ya kawaida, pasipo msiba wowote, jambo ambalo nadhani lilikuwa la busara sana. Majirani zetu Waislamu walituambia kuwa wanazuoni wengi wanakubali aswaliwe swala ya jeneza. Katika mwongozo tuliandika kwamba anayezungumza kwenye msiba wa namna hiyo asieleze ilivyotokea, asimtukuze marehemu kwa kitendo hicho, asimtukane, wala asitaje sababu moja kana kwamba kifo kilikuwa hesabu ya kujumlisha. Picha zisipigwe. Watoto wa marehemu waambiwe ukweli kwa maneno ya umri wao na mtu wanayempenda, kwani vinginevyo watauokota shuleni.

Sababu moja haitoshi, lakini mizigo tunaijua: mikopo ya kausha damu, ugomvi wa mipaka, ndoa, matokeo ya kidato cha nne, na Desemba. Watu wa nje huiona Desemba ya Uchagani kama sherehe tupu. Kwa aliyekaa mjini mwaka mzima bila kupata kitu, kurudi nyumbani akiwa mikono mitupu wakati wenzake wanashusha magunia ya mchele ni jaribu zito, na wengine hawarudi kabisa wala hawapokei simu. Tuliwaomba wazazi wapige simu mwezi Novemba na kusema kwa maneno yao wenyewe kwamba wanamtaka mtoto, na kwamba nauli itapatikana. Baba mmoja alisema hawezi kutamka hivyo, akamtuma bibi. Ikatosha.

Ugomvi wa baba na mtoto ulitukumbusha jani la isale, ambalo wazee wetu walilitumia kuomba msamaha na ambalo aliyepelekewa hakupaswa kulikataa. Vijana wengine hulicheka. Hata hivyo, katika familia mbili ninazozifahamu, ambapo kijana alikuwa amesema hana tena kwao, mjomba alipeleka isale kwa baba na mlango ukafunguliwa bila yeyote kulazimika kutoa hotuba. Huduma ya kliniki iliendelea sambamba. Sitaki mtu asome hapa kwamba jani linatibu sonona.

Nikiulizwa ni kipi tulichokuwa nacho tayari bila kujua thamani yake, nitasema ni kutembeleana. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika nchi tano, zikiwemo India na Sri Lanka, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwafuatilia watu waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua. Waliopewa mazungumzo mafupi, kisha wakapigiwa simu au kutembelewa mara kwa mara kwa miezi 18, walikufa kwa kujiua wachache mno kuliko waliopewa huduma ya kawaida tu. Nilipowaeleza hayo, mama mmoja aliuliza kama wazungu wamelipwa kwa kugundua kujuliana hali. Lakini kujuliana hali kwetu hukoma matanga yakianuliwa, au mgonjwa anaporudi kutoka hospitali akaonekana anatembea, na wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ndizo za hatari zaidi. Tumepanga zamu, kama ile ya kusafisha mfongo, mfereji wetu wa maji, ili asije akatembelewa na watu kumi wiki ya kwanza na asiwepo hata mmoja mwezi wa tatu. Anayekwenda hana haja ya maneno makubwa. Anaweza kupeleka ndizi au kuomba mbegu za maharage. Familia iliyofiwa imo kwenye zamu hiyo hiyo.

Kwa vijana tuliongeza namba mbili zisizo na malipo, 116 ya Simu ya Mtoto na 199 ya Wizara ya Afya, kwa sababu wapo ambao hawatamwambia yeyote anayemjua mama yao.

Pale mwongozo wetu unapoishia ni mjini. Kijana wa Kibosho anayeendesha bodaboda na kupanga chumba Pasua au Njoro hana mjomba wa kumkuta akikata majani, na mara nyingi anayejua kwamba hajatoka chumbani kwa siku nzima ni mama mwenye nyumba, ambaye huenda anadhani anakwepa kodi. Tumeanza kuzungumza na viongozi wa vijiwe vya bodaboda, ambao humjua kila mwanachama na hesabu anayodaiwa na mwenye pikipiki, na wawili wamekubali kujifunza kuuliza. Kwa wenye nyumba bado hatujapata njia. Mmoja aliniambia kwamba mpangaji wake akimwona anaulizia afya yake atajua anataka kumpandishia kodi, na sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kumwomba aje kwenye kikao chetu kijacho na wenzake, tuanze upya na lile swali la mzee.